Silinda Mbili Zilizokufa Mlimani

Inspekta Nyamizi Mhoja alipofika gereji, tairi lilikuwa limeshavishwa shingoni mwa Fideli. Mtu mmoja alikuwa ameshika dumu la petroli, anazunguka akiuliza nani ana kiberiti, na wengine walikuwa wanagombania nafasi ya kupiga teke. Fideli alikuwa chini katikati yao, amejikunja, mikono imefunika kichwa. Damu yake ilikuwa imechanganyika na oili chafu mpaka usingeweza kujua kipi ni kipi.

Nyamizi aliruka kabla gari la polisi halijasimama sawasawa. Akachomoa bastola, akapiga risasi moja hewani, kisha akamwelekezea mwenye dumu mtutu kifuani.

"Weka chini."

"Afande, huyu ndiye kamuua Rogasian! Kamharibia gari makusudi, akawaambia majambazi wamsubiri!"

"Nimesema weka chini. Ukishaweka, unieleze umejuaje."

Yule mtu aliliweka dumu. Alikuwa amesikia sokoni. Aliyemwambia naye alikuwa amesikia. Ilijulikana tu kwamba jana asubuhi Rogasian wa Kirushya, yule mpakia maharage, alikatwakatwa mapanga kwenye mwinuko wa msituni kabla ya kufika Nyakahura, njia ya Biharamulo, na kwamba pikapu yake ya siku nyingi ilikuwa imetoka gereji kwa Fideli mwishoni mwa wiki. Gari limeharibika mlimani, muuaji yuko palepale. Watu wa Ngara walikuwa wameshaijumlisha hesabu hiyo, wakapata jibu, wakaja na petroli.

Koplo Renatus alipiga magoti, akalikata tairi kwa kisu. Fideli alipojaribu kusema, taya lake lilikwenda upande peke yake, na kilichotoka mdomoni kilikuwa damu na jino.

"Mpakieni," Nyamizi aliwaambia wale wale waliokuwa wanampiga. "Taratibu. Akifa njiani, nimeziona sura zenu zote."

Wakampakia.

Hospitalini, wakati Fideli anaingizwa chumba cha upasuaji, Nyamizi alikwenda wodi ya wanaume kumwona mtu pekee aliyekuwa ndani ya pikapu ile na bado anapumua. Aliitwa Shibuda, mkulima wa Bisibo, makamo ya baba yake Nyamizi. Alikuwa ametoka Murusagamba kutafuta mbegu za maharage, akapata lifti kwa Rogasian, akakaa nyuma juu ya magunia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Vidole vyake viwili vilibaki msituni.

"Mwangaluka, baba," Nyamizi alimsalimia kwa Kisukuma, lugha ya kwao wote wawili.

Macho ya mzee yaliamka. "Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Sasa tutumie Kiswahili, ili na koplo wangu asikie. Anzia pale gari lilipoanza kusumbua."

"Kwenye tambarare lilikuwa linakwenda vizuri, hata nikasinzia. Tulipoanza kupanda tu, likaanza kukohoa. Linashtuka, linavuta, linashtuka. Sailensa inapiga kama gobore. Mtu wa miguu angetupita akatuaga."

"Likazimika?"

"Halikuzimika. Alilisimamisha mwenyewe, akashuka, akafungua boneti. Ndipo yule mtu akatokea porini."

"Majambazi walikuwa wangapi?"

"Majambazi wapi? Nasema mtu. Mmoja. Amevaa koti la mvua, kofia yake imemfunika kichwa. Mimi naona mgongo tu. Rogasian akainua uso, akamwona, akacheka."

Nyamizi aliacha kuandika. "Alicheka?"

"Alicheka, binti yangu. Kama mtu aliyekwama akaona msaada umefika. Akamwambia maneno ya Kihangaza, mimi sikuyajua. Yule mtu akamjibu kwa panga. La kwanza lilimkuta hapa." Shibuda aligusa shingo yake kwa mkono uliokuwa mzima. "Rogasian akaanguka ndani ya injini, kifua juu ya kabureta. Yule akaendelea kukata. Hakuwa anapigana naye tena, alikuwa anakata tu, kama mtu anayepasua kuni."

"Na wewe?"

"Nilishika wili spana iliyokuwa kwenye magunia, nikaruka. Nilimpiga bega la kulia, karibu na shingo. Nikasikia mfupa umelia. Akahamishia panga mkono wa pili, akafyeka vidole vyangu. Nikajirusha bondeni, nikaviringika mpaka miiba iliponishika."

"Alichukua nini garini?"

"Hata punje ya haragwe hakuchukua. Nilikuwa bado nimelala kwenye miiba nikaisikia simu ya marehemu inaita mfukoni mwake. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Nadhani ni mkewe."

Walipotoka nje kwenye korido, Renatus alivua kofia akajifuta jasho. Alikuwa Mhangaza wa Ngara hapahapa, yeye na Rogasian walikuwa wakisalimiana kanisani.

"Afande, jambazi wa barabarani hamwachi maiti na simu."

"Na mtu hamchekei jambazi," Nyamizi alisema. "Twende tukalione hilo gari."

Pikapu ilikuwa uani kwa polisi, magunia ya maharage bado juu yake. Damu ilikuwa imekauka kwenye bampa, kwenye redieta, na juu ya mfuniko wa injini ilikuwa imeungua ikawa kama rangi ya kahawa. Picha zote zilikuwa zimeshapigwa na vipimo kuchukuliwa. Kilichobaki hakikuwa kimemvutia mpelelezi mwingine yeyote: gari lenyewe. Nyamizi, kabla ya kuhamia upelelezi, alikuwa fundi kwenye karakana ya polisi kwa miaka mingi, na mtu akimwambia "gari liliharibika" alikuwa haridhiki, kama daktari anayeambiwa "mgonjwa aliumwa".

"Washa," alimwambia Renatus.

Injini ilishika mara moja. Ikanguruma sawasawa, bila kusita, bila kukohoa. Renatus alitoa kichwa dirishani.

"Limepona lenyewe!"

Nyamizi aliweka kiganja kwenye bomba la sailensa, akausikiliza moshi unavyomgonga. Ulikuwa unatoka kwa mpangilio.

"Halijapona. Hapa halina kazi. Injini ikiwa haina mzigo, hata moto dhaifu wa plagi unatosha kuwasha petroli. Ukipanda mlima na magunia, mchanganyiko unabanwa ndani ya silinda kwelikweli, na moto unatakiwa kuruka mahali pagumu. Ukipata njia nyepesi ya kutorokea, unatoroka. Tupande mlima."

Walipanda barabara ya nyuma ya kituo. Hawakufika mbali. Pikapu ilishtuka, ikavuta, ikashtuka tena, na sailensa ikapiga mlipuko uliowafanya mbuzi wa watu wakate kamba. Mshale wa mwendo ukashuka mpaka ukawa kama umelala. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akawapita.

"Simama. Breki ya mkono, na breki ya mguu usiiachie."

Nyamizi alitega mawe makubwa chini ya magurudumu yote, akafungua boneti, akavaa glavu kavu za mpira. Akamwelekeza Renatus aingize gia, alegeze klachi nusu na kukanyaga mafuta, ili injini ihangaike palepale kana kwamba inapanda. Gari zima likawa linatetemeka kwa hasira. Yakianza kuteleza yale mawe, Nyamizi angekuwa mtu wa kwanza kusagwa. Hakuyatazama. Alianza kuchomoa waya za plagi moja baada ya nyingine.

Alichomoa ya silinda ya kwanza. Injini ikadidimia, ikataka kufa. Akairudisha. Hiyo ilikuwa inafanya kazi.

Akachomoa ya pili. Hakuna kilichobadilika, kana kwamba hakugusa kitu. Ya tatu, vilevile. Ya nne, injini ikadidimia tena.

"Zima!" alipaza sauti. "Mbili za katikati zimekufa. Alikuwa anapandisha mlima kwa nusu ya injini."

Akafungua plagi. Ya kwanza na ya nne zilikuwa kavu, rangi ya udongo wa tofali, kama inavyotakiwa. Ya pili na ya tatu zilikuwa nyeusi, zimelowa petroli. Alimnusisha Renatus.

"Petroli inafika. Kisichofika ni moto. Kwa hiyo tumwache kabureta apumzike, hana kosa."

Alibadilisha plagi, za pembeni akazileta katikati. Wakajaribu. Silinda mbili za katikati zikabaki maiti. Akabadilisha waya. Bado. Ugonjwa haukuwa unahama na plagi wala waya, ulikuwa umekaa mahali pake. Ilibaki sehemu moja tu, ile inayougawa moto kwenda kila plagi: distribyuta. Alifungua vibanio viwili, akaitoa kofia yake ya plastiki nyeusi, akaigeuza ndani juu.

Ilikuwa mpya, haina ufa, haina kutu kwenye nukta zake nne za shaba. Renatus alikata tamaa waziwazi. Nyamizi akaipeleka juani, akawa anaiinamisha huku na huku, polepole.

"Njoo hapa. Tazama nikiinamisha hivi."

Mistari miwili ya kijivu iling'aa, ikapotea, ikang'aa tena. Mmoja ulianzia kwenye nukta ya silinda ya pili ukashuka mpaka ukingoni, pale kofia inapokalia chuma. Mwingine ulianzia kwenye ya tatu.

"Ufa?"

"Ufa unaoletwa na moto hujichimba wenyewe. Unakuwa mweusi, wenye matawi, kama mzizi. Huu umenyooka."

"Kama umepigwa rula," alisema Renatus.

Nyamizi alipiga picha kwa simu kutoka kila upande. Kisha akachukua pamba, akaigusisha ncha ya mstari mmoja, mahali padogo kabisa. Pamba ikatoka na doa la kijivu lenye kung'aa, linaloteleza kati ya vidole.

"Penseli," alisema.

"Penseli inapitisha umeme?"

"Ule weusi wa ndani unapitisha. Moto wa hapa una nguvu ya ajabu, unatafuta tu pa kupitia. Ukiwa tambarare, plagi ndiyo njia rahisi. Ukipanda mlima, plagi inakuwa ngumu, na mstari huu unakuwa mlango wa nyuma. Moto unashuka kwenye chuma cha injini, silinda inabaki na petroli mbichi."

Aliifunga ile kofia kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akaenda kwenye pikapu mbovu ya polisi iliyokuwa imeota majani uani, ya aina hiyohiyo, akang'oa kofia ya distribyuta yake, akaifuta, akarudi nayo mlimani na kuifunga. Akakausha plagi zilizolowa, akazirudisha. Safari hii Renatus alipokanyaga mafuta, gari la marehemu lilipanda na magunia yake yote bila kukohoa hata mara moja, mpaka juu kabisa.

Huko juu Renatus alizima injini, mikono bado kwenye usukani.

"Aliyefanya hivi angeweza kukata waya tu," alisema.

"Angekata waya, gari lisingetoka nyumbani. Au lingezimika Rulenge, mbele ya maduka. Alitaka litembee vizuri mpaka mlimani, penye msitu, ndipo lichoke. Anaijua injini, anaijua na barabara."

"Basi afande, bado ni fundi. Bado ni Fideli."

"Ndiyo maana tunarudi kumwona."

Fideli alikuwa ametolewa upasuaji, taya limefungwa kwa waya, macho yamevimba hata hayafunguki. Nyamizi alimshika mkono. "Ukibana mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Kofia ya distribyuta uliifunga wewe, mpya?"

Alibana mara moja.

"Ulilijaribu mlimani, na mzigo?"

Mara moja.

"Rogasian alikuwepo?"

Mara moja, kwa nguvu.

"Baada ya hapo gari lililala kwako?"

Mara mbili.

"Lililala nyumbani kwake?"

Fideli alisita. Kisha akabana mara mbili. Alijaribu kufungua mdomo, waya ukamzuia, akalia machozi bila sauti.

Nyamizi alimfuata daktari mlangoni. "Bega lake la kulia likoje? Lina mvunjiko wa jana, au mchubuko wa zamani kidogo?"

"Bega la kulia?" Daktari alitikisa kichwa. "Mama, hicho ndicho kitu pekee ambacho hawakukivunja."

Kirushya ilikuwa imejaa migomba na watu. Msiba ulikuwa nyumbani kwa Rogasian. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake wa jumuiya walikuwa jikoni nje, masufuria makubwa juu ya mafiga, na nyimbo za wafu zikiimbwa kwa sauti ya chini. Nyuma ya nyumba nyundo ilikuwa inagonga.

Speciosa, mjane, alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Nyamizi alivua viatu, akaketi karibu yake, akampa pole. Kisha akauliza kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Dada, mumeo alikuwa amepakia maharage. Lakini tumemkuta amevaa suti. Alikuwa anakwenda wapi?"

Speciosa alitazama mlango. "Ilikuwa suti ya ndoa yetu. Alikuwa anakwenda polisi Biharamulo. Aliogopa kuingia kituo cha hapa kwetu, kila mtu angemwona."

"Kusema nini?"

"Kuhusu bibi Nyirabahizi."

Nyamizi aliijua habari hiyo. Nyirabahizi alikuwa kikongwe wa jirani, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kuni. Kabla ya mavuno walimkuta ndani ya shamba lake la migomba, amekatwa kichwa na mikono yote miwili. Watu walisema alikuwa mchawi, kisha wakaacha kusema chochote. Jalada lilikuwa mezani kwake, jembamba.

"Rogasian alimwona aliyefanya?"

"Alimwona anatoka shambani na panga. Alikaa na jambo hilo, likawa linamla. Hakuwa analala. Nilimuuliza ni nani, akakataa katakata. Akasema nikijua, hata mimi sitalala tena maisha yangu yote."

"Nani mwingine alijua kwamba anakwenda Biharamulo?"

"Hakuna. Mimi tu." Speciosa alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Na kaka yangu. Niliogopa, dada. Nilisema watamuua. Nikaenda kwa kaka nikamwomba amkalishe chini, amkataze. Wao ni mashemeji wanaopendana. Hata gari hulazwa kwake, hapo nyuma ya nyumba yetu, kwenye banda lake la mbao, kwa sababu kwetu hakuna paa la kulitosha."

Nyundo iligonga, ikasimama, ikagonga tena.

"Kaka yako ni nani?"

"Matiasi, seremala. Ndiye huyo anayegonga. Amesema jeneza la shemeji yake haligusi mtu mwingine."

Nyamizi alinyanyuka taratibu. Akamkonyeza Renatus, wakazunguka nyumba kila mmoja upande wake.

Banda lilikuwa wazi pande tatu, sakafu imefunikwa maranda. Jeneza lilikuwa juu ya vitegemeo viwili, karibu linakwisha, limebaki mfuniko. Wazee wawili walikuwa wamekaa pembeni wakimtazama Matiasi akifanya kazi. Alikuwa mtu mpana, mwenye mikono ya kunyanyua magogo, na penseli nene ya useremala juu ya sikio lake la kulia. Nyundo ilikuwa mkono wa kushoto.

"Pole na msiba, kaka Matiasi."

"Tumeshapoa, afande." Aliweka nyundo, akampa mkono. Mkono wa kushoto. Wazee wawili walitazamana, kwa sababu hakuna mtu mzima wa Kirushya anayemsalimia mgeni namna hiyo, tena msibani.

Nyamizi alipitisha kidole kwenye ukingo wa jeneza. "Nimeambiwa hakuna seremala kama wewe mpaka Rulenge. Mbona misumari yako imepinda?"

"Majonzi, afande."

"Majonzi yamekuhamishia na nyundo mkono wa pili?"

"Niliangukiwa na ubao."

"Lini?"

"Juzi."

Mzee mmoja alikohoa. "Juzi jioni ulikuwa unaranda vizuri tu, Matiasi. Nilikuwa hapa."

"Basi jana!" Matiasi alisema kwa ukali, kisha akaishusha sauti. "Jana asubuhi. Nimechanganyikiwa, mzee wangu, nimefiwa."

"Kabla ya useremala ulifanya kazi gani?" Nyamizi alikuwa bado anatazama misumari.

Aliyejibu ni yule mzee, kwa nia njema kabisa. "Aliendesha lori la magogo, mwanangu, huko huko misitu ya Biharamulo. Likimharibikia analitengeneza mwenyewe."

"Vua shati, kaka Matiasi. Nataka kuliona bega hilo."

Matiasi alimtazama, akamtazama Renatus aliyekuwa ametokea upande wa pili. Kisha nyundo ikaruka. Ilimpata Renatus kwenye paji la uso, akaenda chini kama gunia. Matiasi alinyakua tezo kutoka kwenye meza, lile shoka lenye makali ya kulala wanalochongea mbao, akamrukia Nyamizi.

Pigo la kwanza lilipasua nguzo karibu na sikio lake. Nyamizi alikuwa na bastola mkononi lakini nyuma ya Matiasi kulikuwa na jiko, na wanawake, na watoto mgongoni mwao. Hakufyatua. Tezo likaja tena kutoka kushoto, likamchana mkono wa juu, akahisi joto la damu likiteremka hadi kwenye vidole. La tatu hakulisubiri. Aliingia ndani ya pigo, kifua kwa kifua, mahali ambapo mpini haufiki, akakishusha kitako cha bastola kwa nguvu zake zote juu ya mtulinga wa kulia.

Matiasi alipiga ukelele uliokata nyimbo za jikoni. Wakaangukia wote wawili juu ya jeneza, vitegemeo vikavunjika, likaenda nao chini. Alijaribu kumng'ata shingoni. Nyamizi akalipiga lile bega tena, na tena, mpaka tezo lilipomtoka mkononi. Renatus, uso mzima damu, alikuja kwa magoti, akamkalia miguu, akamfunga pingu.

Walimchania shati. Kuanzia shingoni hadi kwenye kwapa alikuwa amevimba, rangi ya zambarau, na katikati ya uvimbe palikuwa na alama ya chuma cha mviringo iliyojichora kama muhuri. Wazee wawili waliisogelea, wakaitazama, wakarudi nyuma. Renatus alichimba maranda kwa kipande cha ubao. Chini kabisa, karibu na ukuta, akatoa koti la mvua. Lilikuwa limekakamaa kwa damu.

"Nyirabahizi alimroga mwanangu," Matiasi alisema akiwa amelala chini, maranda yamemganda mdomoni. "Mnajua wote. Mtoto alivimba akafa. Nilifanya mlichotaka wote kifanyike."

Watu walikuwa wamejaa mbele ya banda, na katikati yao walipisha njia. Speciosa alikuwa amekuja bila viatu. Alilitazama koti, akalitazama bega, akamtazama kaka yake usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Alikuwa anakuchekea vizuri kila siku," alisema. "Alikuwa anakuita kaka."

"Ningefanyaje? Angenipeleka kunyongwa. Nisingejua kwamba anakwenda kama usingekuja kuniambia. Nisingepanda lori la usiku kwenda kumsubiri mlimani." Matiasi alijaribu kuinua kichwa. "Nani aliniambia, Speciosa? Si wewe?"

Nyamizi alimwona mjane anayumba, akanyoosha mkono ule uliokuwa mzima kumdaka, lakini Speciosa hakuanguka. Alishika nguzo iliyopasuliwa na tezo, akaiegemea mpaka pumzi ikamrudia.

"Dada," Nyamizi alisema kwa upole, "hayo aliyoyasema nitahitaji uyaseme na wewe. Mbele ya jaji. Kwamba ulimwambia yeye, na hukumwambia mwingine. Si lazima leo."

"Leo," Speciosa alisema. "Nikingoja kesho ndugu zangu watanikalisha kikao. Niandike leo."

Walimpeleka Matiasi kwenye gari. Watu walimsogelea, lakini Renatus, kitambaa cha damu usoni, alisimama mlangoni na bunduki, na hakuna aliyerusha hata jiwe. Mwenyekiti wa jumuiya alimkaribia mjane, kofia mikononi, akauliza kwa kusitasita: mwili ulikuwa unakuja jioni ile kutoka chumba cha maiti, na jeneza ndilo hilo, na limevunjika upande mmoja tu, linatengenezeka. Wafanyeje?

Speciosa aliingia ndani ya maranda, akaliokota tezo pale lilipoanguka, akalisimamia lile jeneza. Pigo la kwanza lilikwama. Akaling'oa, akapiga tena, na safari hii ubao wa ubavuni ulitengana na misumari yake iliyopinda. Alipasua ubavu mmoja, akapasua wa pili, akapasua na mfuniko ambao ulikuwa haujafungwa, jasho na machozi vikimtiririka, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumpokea tezo.

Alipomaliza, alikusanya mbao kifuani, mzigo mzima, akapita nao katikati ya watu hadi jikoni. Wanawake walisogea. Akapiga magoti mbele ya mafiga, akazisukuma chini ya sufuria la chai, moja moja.

"Mume wangu atazikwa na blanketi lake," alisema. "Chocheeni. Wageni hawajanywa kitu."